Mama Onja na Mstari wa Ufizini

Mwanamke huyu alikuwa mbishi, na ni afadhali niseme mapema asije mtu akanilaumu mbele ya safari. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kwanza ahakikishe, na akirudi amelowa chapachapa anakwambia ni manyunyu tu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, lakini nani alilitumia? Sokoni kote aliitwa Mama Onja, na jina hilo alilipata kwa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuza kome wa kuchemsha, wale wenye magamba meusi mawili, wanaojishikiza kwenye mawe na nguzo pale mto unapomwagika baharini. Meza yake ilikuwa ya kwanza ukiingia kwa lango la nyuma, mbao nzito iliyolainika kwa kusuguliwa, na ubavuni mwake jiko la chuma. Kabla yake meza ilikuwa ya mama yake mzazi. Baada yake ingekuwa ya mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa malori ambaye leo yupo kesho hayupo. Mkwe huyo alishajua kusugua magamba na kuwang'oa kome zile nyuzi wanazojishikizia, na kila Mama Onja alipomtazama akisugua alijisemea kwamba hata akifa leo, meza haifi.

Soko lile lilikuwa na masharti mawili yasiyochezewa. La kwanza, kome hawauzwi mpaka muuzaji ale wa kwanza mbele ya wateja. Si mnajua kome? Akiharibika mmoja, familia nzima inashinda msalani. Basi muuzaji anafunua sufuria, anakula mmoja, anatoa ulimi watu waone kamezwa, anasema, "Nimeanza mimi," ndipo biashara inaanza. Wengine walionja kama mtu anayekunywa dawa. Mama Onja alichagua mnene kuliko wote, akamtafuna bila haraka, akashushia na mchuzi wake, kisha akasema "Nimeanza mimi" kwa sauti iliyofika mpaka meza za mboga. Mwishowe wateja wakawa hawanunui hata kwa wengine mpaka waambiwe Mama Onja ameshatafuna.

Sharti la pili lilihusu moto. Meza ambayo jiko lake halikuwashwa wiki nzima ilipewa mtu mwingine, na waliokuwa wakizinyemelea meza walikuwa wengi. Mwenyekiti wa soko, mwanamume wa kitambi na adabu nyingi, alipita kila asubuhi akinyoosha kiganja juu ya majiko kupima yaliyopoa. Mfereji wa maji machafu ulikuwa umeziba tangu enzi na enzi, huo hakuupima hata siku moja.

Halafu kulikuwa na jambo la tatu, ambalo halikuwa sharti ila fahari. Wauzaji wa kome wa siku nyingi walikuwa na mstari mwembamba ufizini, pale nyama inapokutana na meno, wa rangi ya buluu iliyokolea mpaka kukaribia weusi. Waliuita wino wa kome. Mwenye wino ndiye muuzaji kamili. Mgeni wa kazi alitaniwa kuwa ana ufizi wa kitoto, aende kwanza akauze vitunguu. Mama yake Mama Onja alizikwa na wino wake. Na mjukuu wa Mama Onja, binti wa huyo mkwe, ambaye bibi alimwita Mke Mwenza kwa mapenzi ya bibi na mjukuu, mstari ulipomtokea juu ya meno yake ya mbele, Mama Onja alimbeba mgongoni akamzungusha meza kwa meza. Alimwinua mdomo kila mtu aone. Wanawake wakapiga vigelegele wakasema huyu kazaliwa na meza kinywani.

Na kwa nini asipate wino? Tangu alipoachishwa ziwa alinyweshwa mchuzi wa kome. Bibi yake aliamini hakuna maziwa wala mayai yanayomjenga mtoto kuushinda ule mchuzi, na alimwekea kikombe chake mwenyewe.

Basi akaja mwanamke wa maabara. Alikuwa ameshawahi kupita akanunua kome kwenye kila meza, watu wakamwombea dua arudi na ndugu zake. Aliporudi hakuja kununua. Aliwakusanya wauzaji akawaambia, kwa upole, kwamba kome wa pale wana madini ya risasi, yale yale ya kwenye betri za magari, kwa kiasi ambacho binadamu hapaswi kula. Juu ya mto kulikuwa na kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu, na maji yake machafu yaliteremka mpaka kwa kome, na kome kazi yao ni kuchuja maji na kubaki na uchafu wake. Aliwasihi waache kuuza kwanza.

Wauzaji wote wakageuka kumtazama Mama Onja. Naye akashika kiuno.

Alimpasha yule dada wa watu barabara. Alimwuliza kama anajua kwamba kome wa meza hii wanatapishwa kwa maji matatu, wanalazwa kwenye beseni la maji safi mpaka wateme kila walichokula, maji yanabadilishwa, wanatema tena. Alimwuliza hao watu waliokufa kwa kome wake wamezikwa wapi, akaweke maua. Kisha akavuta sahani, akaijaza, akaila yote pale pale mmoja baada ya mwingine, akatoa ulimi. "Nimeanza mimi," akasema, na soko zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka zaidi ya wote, kichwa nyuma, mdomo wazi.

Mwanamke wa maabara hakucheka. Alisogea karibu.

"Mama, samahani. Naomba ucheke tena."

Mama Onja akadhani anataniwa. Akainua mdomo wa juu kwa kidole, kwa maringo, akamwambia aangalie vizuri, huo ndio wino wa kome, haupatikani shuleni, mama yake alikuwa nao na mjukuu wake anao.

"Huo si wino, mama," yule dada akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Risasi ikizidi kwenye damu, hujitokeza hapo. Maji matatu yanatoa mchanga. Hii imeshaingia kwenye nyama ya kome, haitapikiki." Kisha akauliza mjukuu ana umri gani.

Mama Onja alimfukuza. Ndiyo, alimfukuza, tena kwa mwiko mkononi, na wenzake wakampigia makofi. Lakini swali lile lilimfuata nyumbani.

Jioni ile alimkuta mtoto amejikunja kwenye mkeka kashika tumbo. Tumbo hilo halikuwa geni. Walishaambiwa minyoo, wakatoa minyoo. Wakaambiwa anadeka, wakamnyima kudeka. Tena siku hizo mtoto alikuwa mzito wa kuongea. Maneno aliyoyajua mwaka uliopita alikuwa anayatafuta, na bibi alisema anaringa. Mama Onja alichovya kidole kwenye chumvi, akamwinua mdomo, akausugua ule mstari. Akasugua tena kwa kitambaa. Mtoto akalia, mkwe akaja mbio kutoka uani akiuliza kuna nini, na Mama Onja akawa bado anasugua, ufizi umeanza kutoa damu na mstari upo vile vile.

"Mama, muache," mkwe akasema. "Unamuumiza."

Akamwacha. Akakaa chini. Mawazo yakamrudisha kwa mama yake, miaka ile ya mwisho, namna alivyokuwa anashika tumbo akiegemea meza hii hii, namna viganja vyake vilivyolegea mpaka akashindwa kushika mwiko, namna alivyosahau jina la mtoto wake mwenyewe. Walisema ni uzee. Uzee gani? Mama Onja wa leo alikuwa amempita umri aliokufa nao.

Kulipokucha walikwenda hospitali wote watatu. Daktari aliwatoa damu, wakaambiwa warudi, wakarudi. Damu ya mkwe ilikuwa na afadhali, kwa kuwa hakuwahi kupenda kome, jambo ambalo alikuwa amelificha kwa mama mkwe wake tangu siku ya harusi. Ya mtoto ilikuwa mbaya. Ya bibi ilikuwa mbaya zaidi. Daktari alisema dawa zipo na watampa mtoto, lakini dawa ya kwanza ni kuacha kula kome, leo, na maneno ya mtoto huenda yakarudi, yote au baadhi, hilo hakuweza kuahidi.

Mama Onja alilia njia nzima, bila kujificha, na waliompita wakadhani amefiwa. Kikombe cha mjukuu alikivunja kwa mguu wake mwenyewe. Halafu akanawa uso, na alipomaliza kunawa alikuwa amekasirika, na mimi nawaambieni, yule mwanamke akikasirika ni bora umpishe njia.

Kesho yake alikwenda sokoni kama kawaida. Akawasha jiko kama kawaida. Akateka sufuria la maji ya bomba, akalitia motoni, akakaa. Wateja wakaja wakauliza Mama Onja ameanza? Akajibu hajaanza, wala haanzi, na akawaeleza kwa nini, kuanzia kiwanda mpaka ufizi. Wateja wakaondoka. Kwa kuwa yeye hajaanza, hawakununua hata kwa wengine, na kome wa meza zote wakabaki wanachemka mpaka wakawa mipira.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Jirani yake wa meza ya pili, shoga yake tangu usichana, ambaye kwa mdomo wake aliitwa Kasuku, alimjia juu. Alimwambia anawamwagia unga, kwamba kama ana ugomvi na maabara akapigane nayo huko huko, watoto wa wenzake wanataka kula. Mama Onja alimwambia ndiyo, wanataka kula, na swali ni wale nini. Kasuku akasema wino anao miaka yote na yuko hai. Mama Onja akamwuliza tumbo lake likoje. Kasuku akasonya, akarudi mezani kwake, na kwa siku kadhaa hawakusalimiana, jambo ambalo lilikuwa halijatokea hata walipogombea bwana mmoja.

Mwenyekiti alikuja na adabu zake. Aliweka kiganja juu ya jiko, akakuta moto. Akachungulia sufuria, akakuta maji.

"Mama, hapa unauza nini?"

"Maji moto, mwenyekiti. Wapagazi wananunua ya kuoshea miguu."

Akamwambia hiyo si biashara ya meza ya kome. Mama Onja akamkumbusha kwamba sharti linasema moto, halikutaja kome, na kama analitaka libadilishwe aitishe mkutano, yeye atafurahi sana kuzungumza kwenye mkutano. Mwenyekiti akatabasamu kwa midomo iliyofungwa, kama ilivyokuwa desturi yake, akaondoka. Wiki ikapita, na ya pili ikafuata. Maji moto hayamlishi mtu. Mkwe akaanza kufulia watu nguo, na nyumbani wakala mlo mmoja wakauita chakula cha mchana ukiwahi na cha jioni ukichelewa.

Kisha mwenyekiti akarudi na neno la mwisho. Kiwanda kingemtuma afisa wake, redio ingemtuma mtangazaji, na kungekuwa na hafla ndogo ya kurudisha imani ya wateja. Yeye Mama Onja afunue sufuria, ale mmoja tu, aseme maneno yake. Akifanya hivyo, meza inakuwa yake na ya mkwe wake na ya mjukuu wake, moto uwake usiwake, hakuna wa kuwagusa. Asipofanya, meza inaondoka siku hiyo hiyo, na asimletee habari za sharti linasema nini.

Mama Onja aliipapasa ile mbao. Kuna kona moja iliyokuwa na alama ya kisu cha mama yake. Akasema atakuja.

Mkwe alipomsikia alikosa raha. Asubuhi ya hafla, akimfunga kilemba, alimwuliza, "Mama, utakula?" Mama Onja akamjibu kwamba wanataka afungue mdomo, na mdomo ataufungua.

Soko lilifurika. Afisa wa kiwanda alikuja na viatu vya kung'aa, akapewa kiti mbele. Mtangazaji wa redio alishika kipaza sauti. Sufuria ilikuwa ya Kasuku, kwa kuwa Mama Onja hakuwa na kome, na Kasuku mwenyewe alisimama nyuma yake kanuna. Mwenyekiti akasema maneno matamu, kisha akampisha.

Mama Onja akafunua sufuria. Mvuke ukapanda. Akachagua mnene kuliko wote, akamwinua watu wamwone, na watu wakasubiri ulimi wake. Akamtazama yule kome kitambo kidogo. Akamrudisha sufuriani akafunika.

"Nimewaanzia miaka yote," akasema. "Leo nawaonyesha nilichokula."

Akainua mdomo wa juu kwa vidole viwili, akageuka pole pole ili pande zote wamwone. Akawaambia kwamba mstari huu waliokuwa wanaupigia vigelegele ni risasi ya kiwandani, kwamba mama yake alikufa nayo wakasema uzee, kwamba mjukuu wake anayo na anatafuta maneno kinywani hayapati. Akasema yeye ndiye aliyemnywesha, kwa kikombe, kwa mkono wake huu. Hakulia. Sauti ile iliyokuwa ikifika meza za mboga ilifika mbali zaidi siku hiyo.

Mtangazaji, maskini, kazi yake si ya picha, ikambidi aeleze ufizi kwa maneno, akawa anasema mstari, mstari wa buluu, wasikilizaji, naona mstari.

Mwenyekiti akawahi kusema huyu mama anaumwa peke yake na Mungu amponye. Ndipo Kasuku akasogea mbele. Alisimama kando ya shoga yake, bado kanuna, akainua mdomo wake. Mstari ule ule. Nyuma yake akaja wa meza ya tatu, na aliyemfuata, na bibi mmoja aliyestaafu ambaye alikuja kuangalia tu, wakajipanga wanawake wazima wameshika midomo yao juu kama wanaokaguliwa na daktari wa meno. Hakuna aliyecheka.

"Mwenyekiti," Kasuku akasema, kwa sauti isiyo ya mzaha, "wewe kila mchana unakula sahani ya bure kwenye kila meza. Hebu cheka kidogo."

Mwenyekiti hakucheka. Mkono wake ulipanda wenyewe ukafunika mdomo, na soko zima likaelewa kwa nini mtu huyu siku zote alitabasamu midomo imefungwa. Alikuwa na wino kuwazidi, na hakuutaka, kwa sababu mwenyekiti hapendi kufananishwa na wauza kome.

Afisa wa kiwanda alikuwa ameshainuka kitini, anatafuta njia. Mama Onja akamzuia kwa adabu, akamwomba naye afungue mdomo kidogo tu, hataumia. Kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa puani mwake, akafungua. Ufizi wake ulikuwa safi, wa waridi.

"Ufizi wa kitoto," wanawake wakasema kwa pamoja.

Mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti alishwe sahani nzima sasa hivi, na wengine wakaitikia, na hasira ile ingetosha kabisa kumlisha. Mama Onja akaukandamiza mfuniko wa sufuria kwa mikono yote miwili.

"Hapana. Hata huyu sitamuuzia," akasema. "Mzigo huu unamwagwa."

Na walimwaga, sufuria zote, kwenye shimo la taka, wakafukia. Kasuku alimwaga wa kwake akilia waziwazi, maana ndio ulikuwa mtaji wake. Mwenyekiti aliondoka bila kuaga, na kuhusu meza hakusema inaondoka wala inabaki.

Asubuhi iliyofuata Mama Onja alifika mapema, moyo juu, akitarajia kukuta mbao yake imetupwa nje. Meza ilikuwepo. Na haikuwa peke yake. Majiko yote ya safu ile yalikuwa yanawaka, na juu ya kila jiko sufuria la maji matupu linachemka. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni, tayari kwenda kwenye lango la kiwanda, na hawakuwa na nia ya kurudi kabla hawajajibiwa nani atawatibu watoto na nani atausafisha mto. Mkwe wake ndiye aliyepewa kazi ya kubaki, achochee moto wa meza zote, asiuache hata mmoja uzimike, mtu asije akapata kisingizio. Alikuwa anakwenda jiko hadi jiko na kuni kwapani, na Mke Mwenza nyuma yake akibeba kijiti kimoja kimoja.

Mwenyekiti alipita saa yake ya kawaida. Alitembea safu nzima kiganja kimenyooshwa, na kila alipokiweka kilikuta moto. Alipofika meza ya kwanza akasimama. Akaonekana ana la kuuliza, labda la meza, labda la hospitali ile ya kupima damu iko wapi.

Mama Onja hakumsubiri aulize. Alichota maji kwenye kikombe kipya, akayapuliza, akanywa, akatoa ulimi.

"Nimeanza mimi," akasema, akampa kikombe mjukuu wake.